Chungwa la Mwalimu Makame

Siku niliyokabidhi funguo za studio, Lulu, mmoja wenu mliobaki studio, aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini kila baada ya harusi tunaijaza kadi ya kamera picha za chungwa mpaka kadi ikatae. La pili, kwa nini juu ya kioo kikubwa cha kuvalia kuna msumari unaoning'iniza kanga iliyopauka, wakati kabati limejaa vitambaa vizuri. Nilimwambia ni hadithi ndefu, nikaenda kunywa chai. Mnanijua, nikishika kikombe sisemi. Sasa nimestaafu, chai nimekunywa ya kutosha, na mume wangu amesema nikiendelea kuyapanga upya makabati yake atahamia msikitini. Basi kaeni nikusimulieni.

Mimi niliingia kazini kwa penseli. Studio ilikuwa hapahapa Mkunazini, ghorofani, kwa ngazi hizihizi zinazomfanya bibi harusi afike juu amekwisha kutota jasho. Mwenyewe alikuwa Bi Shamsa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa akipiga picha za shughuli za kinamama tangu mimi sijavunja ungo. Nilidhani siku ya kwanza atanipa kamera. Alinipa penseli na kipande cha msasa, akaniambia nichonge. Nikachonga. Akaitazama ncha, akaivunja kwa kidole, akasema, "Chonga." Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Adhuhuri alipoirudisha bila kuivunja nilijiona nimefaulu mtihani wa taifa.

Penseli ile ilikuwa ya kurekebishia filamu. Unailaza filamu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, unainama na lenzi jichoni, unatia vidoa vidogo vidogo mahali penye chunusi. Kwenye filamu dunia imegeuka, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi, kwa hiyo chunusi unaiona kama tundu la mwanga na kazi yako ni kuliziba. Ukiziba kidogo haisaidii. Ukizidisha, bibi harusi anatoka na doa jeupe usoni, na mama yake anakuja kukuuliza binti yake amefanywa nini.

Lakini somo kubwa la Bi Shamsa halikuwa la penseli. Nyinyi mnazijua shughuli zetu. Mwanamke ambaye hata kuku wa jirani hawajawahi kumwona nywele, siku ya kupamba anakaa mbele ya kinamama wenzake kichwa wazi, ametiwa asumini, mikono na miguu imechorwa maua meusi ya piko. Hapo hapana mwanamme, na picha ya hapo haionwi na mwanamme asiye wake. "Anayevua buibui mbele ya kamera yako amekupa amana," Bi Shamsa alikuwa akisema, na alipolisema neno hilo hata mimi nisiye na hatia nilijiona nimeiba kitu. Picha zilizoharibika tulizichoma kwenye jiko la mkaa huko nyuma. Filamu tulimkabidhi bibi harusi mwenyewe pamoja na picha zake. Studio haikubaki na kitu. Wapiga picha wengine wa mjini walikuwa na makabati ya filamu za zamani, sisi kabati letu lilikuwa la vikombe. Bi Shamsa alisema nakala ya pili ni mlango wa pili, na wezi hupitia huko. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililotutia matatani baadaye.

Filamu zikaanza kuadimika, na Bi Shamsa akanunua kamera ya dijitali na kompyuta. Kompyuta aliifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka chombo cha maua juu yake, tukaishi nayo hivyo kama mgeni anayeheshimiwa lakini hakuna anayejua azungumze naye nini. Kila mmoja wetu alimngoja mwenzake aanze. Mwishowe harusi zikatulazimisha.

Kuiwasha hakukutushinda. Kilichotushinda ni ile programu ya kurekebishia picha. Ilikuwa ya Kiingereza, imejaa vialama pembeni ambavyo havikufanana na kitu chochote duniani, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea pakiti ya biskuti. Nani atatufundisha? Leo wasichana wamejaa chuoni Tunguu na wanaijua kompyuta kuliko aliyeitengeneza. Wakati ule, kila tuliyemsikia anaijua programu ile alikuwa mwanamme.

Ndipo Bi Shamsa akamleta Makame. Alikuwa kijana wa Tumbatu, mwembamba, mwenye kibanda cha kuchapisha mabango kule Ng'ambo, Michenzani. Alikuja asubuhi, mlango wa studio ukaachwa wazi kama inavyopasa, na Bi Shamsa akakaa karibu na mlango anashona kofia, jicho moja kwenye sindano na la pili kwetu.

"Shikamooni," Makame akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, Bi Rukia, fungua picha yoyote tuanze."

Tukatazamana mimi na Bi Shamsa. Picha zote zilizokuwemo mle zilikuwa za maharusi.

"Picha zipo," Bi Shamsa akasema bila kunyanyua kichwa, "lakini si zako."

Nilidhani kijana atakasirika aondoke. Makame alijikuna shingo, akafikiri, akasema, "Basi nipeni kitu chochote kisichovaa buibui."

Bi Shamsa akatia mkono ndani ya kikapu chake cha sokoni, akatoa chungwa.

Nikalipiga picha dirishani. Lilikuwa chungwa letu la Unguja, kijani upande mmoja, limejaa madoa meusi, na picha hiyo moja ndiyo ikawa darasa langu lote. Sitawadanganya kwamba nilijifunza haraka. Kipanya kilinitesa. Siku ya kwanza nilipoambiwa nipeleke mshale juu, nilikinyanyua kipanya hewani. Makame alitazama ukutani ili asicheke. Bi Shamsa hakuona haja ya kujizuia. Mkono uliokuwa ukitia doa la penseli kwenye ukope wa mtu ukawa hauwezi kuvuta mstari ulionyooka. Niliona aibu, na aibu ikawa hasira. Siku moja nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba siendi tena, nimekuwa mtoto wa chuo cha Kurani ukubwani, na nikalia. Akaniambia, "Hata ile penseli hukuijua siku ya kwanza." Nikakasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kilichonifungulia njia kilikuwa kipande cha nailoni. Makame alikuwa akinieleza kwamba picha moja inaweza kuwa na tabaka nyingi, moja juu ya nyingine, na mimi naitikia naam, naam, bila kuelewa kitu. Akaliona hilo. Akalichapisha chungwa kwenye karatasi, akalifunika kwa nailoni ngumu inayoonyesha, akachora jani juu yake kwa wino.

"Lifute jani," akaniambia. Nikalifuta kwa kitambaa. "Chungwa limeumia?"

"Halikuumia."

"Basi usichore juu ya chungwa hata siku moja. Chora juu ya nailoni. Ukikosea, unafuta nailoni, chungwa liko palepale."

Tangu hapo tabaka kwangu ni nailoni, na ndiyo maana nanyi mnaambiana "ongeza nailoni" mbele ya wateja, wakadhani tunauza mifuko iliyopigwa marufuku. Nikaona kila chombo nikikipa jina langu kinanitii. Ile mistari inayotembea kuzunguka kitu ulichokichagua niliiita siafu. Chombo cha kuchukua ngozi ya hapa ukaifunikia pale nilikiita kiraka. Amri ya kurudi nyuma ulipokosea niliiita toba, na Bi Shamsa akasema toba ya kompyuta ni rahisi mno, ndiyo maana watu hawaachi kukosea. Makame naye akayashika majina yangu. Huko Michenzani wenzake walimshangaa akiwaambia wapige toba.

Siku tuliyojifunza kiraka niliondoa madoa yote ya chungwa. Nilifurahi. Makame akalitazama, akaniuliza kama hili bado ni chungwa. Lilikuwa mpira wa plastiki. Tukapiga toba, tukarudisha madoa karibu yote, tukaondoa yale mawili matatu tu yaliyokuwa yakivuta jicho. Nakuombeni mlikumbuke hilo mnaposhika simu zenu. Siku hizi maharusi wote wa Unguja wanaonekana wamezaliwa na mama mmoja.

Baadaye nikataka kuchora, si kufuta tu. Nikaongeza nailoni juu ya chungwa, nikalichora maua ya piko, na majani, na vile vikonyo vinavyojikunja kama vya kwenye vidole vya bibi harusi. Kwenye nailoni nyingine nikalitia asumini juu, pale penye kikonyo. Bi Shamsa akaacha kofia yake, akaja kutazama, akasema bibi harusi amekosa kipini. Nikamtia kipini, kisha nikamhifadhi kwenye kadi yake peke yake, maana chungwa si amana ya mtu.

"Sasa yu tayari kutolewa mbele ya wageni," Bi Shamsa akasema.

Makame alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilijisikia fahari ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile ncha ya penseli. Nilijua kwamba mkono wangu umerudi.

Kisha ikaja harusi ya Ghanima. Alikuwa binti wa Malindi, mtoto pekee wa Bi Moza, na Bi Moza alikuwa mgonjwa kitandani kwa muda mrefu. Siku ya kupamba, wanawake wawili walisimama mlangoni wakikusanya simu za wageni ndani ya beseni, kwa hiyo kamera yangu ilikuwa peke yake mle ndani. Bi Moza aliletwa na dada zake, wamembeba na kiti chake. Walimweka kando ya binti yake. Akauweka mkono wake juu ya mikono ya Ghanima, akanitazama mimi, wala si kamera, akasema, "Piga, Rukia, kabla sijachoka." Nikapiga. Wakamrudisha nyumbani. Alifariki kabla picha hazijawa tayari.

Mambo yangu yote nilikuwa nimeyafanya kama nilivyofunzwa. Niliporudi kutoka harusini nilihamishia picha kwenye kompyuta, na kadi nikaifuta palepale isije ikaangukia mikononi mwa mtu. Nakala ya pili hapana. Mchana mmoja nilikuwa naishughulikia picha ya Bi Moza, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kompyuta ikatoa harufu ya nywele zinazoungua. Umeme uliporudi, yenyewe haikurudi.

Makame akaitwa. Akaifungua mashine, akanusa, akatikisa kichwa.

"Nakala ya pili iko wapi?" akauliza.

"Nakala ya pili ya nini?" Bi Shamsa akadakia. "Ya kumpa nani?"

Makame alitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kuona kijana akiwahurumia watu wazima namna ile.

"Na kadi?"

"Nshaifuta," nikasema. "Siku ileile."

Ghanima alikuwa ameniletea salamu kwamba akimaliza msiba atakuja kuichukua picha ya mama yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo, na mama hakuwepo tena wa kupigwa nyingine. Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeilinda amana mpaka nikaipoteza, na hilo halikunitoka akilini.

"Bi Rukia," Makame akaniita. "Kadi hiyo umepigia picha nyingine?"

"Sijapigia."

"Basi wamo. Kufuta ni kung'oa kibao cha jina mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Nipe niende nayo Michenzani, nna programu ya kuwatoa."

Moyo wangu ulipanda na kushuka kwa pumzi moja. Wamo, alhamdulillahi. Wamo? Basi na zile kadi nyingine zote zilizolala kwenye mtoto wa meza, nilizozifuta nikalala usingizi wangu, zote zina watu ndani. Nilishukuru na kuogopa kwa pamoja, na Bi Shamsa nilimwona ameshika kofia yake bila kushona.

"Kadi haitoki humu," nikasema.

"Wallahi sitaangalia."

"Nnakuamini, mwanangu. Lakini wao hawakukuamini weye. Waliniamini mie."

Angeweza kutuaga atuache na mila zetu. Alikwenda zake, na kesho yake asubuhi akarudi na kompyuta yake ya kupakata ikiwa na programu ile. Akaiweka mezani, akanipa kiti cha mbele yake. Mwenyewe akachukua kiti cha pili, akakigeuza kuelekea ukutani, akakaa akiipa kompyuta mgongo. Nilipokuwa naichomeka kadi nilimsikia akisema kwa haraka, "Bi Rukia, kioo!"

Nikageuka. Alikuwa amefumba macho. Mbele yake palikuwa na kioo kikubwa cha kuvalia, na ndani ya kioo kile skrini yote ilionekana. Mimi na Bi Shamsa, wenyewe wenye amana, hatukukiona. Yeye ndiye aliyekiona. Bi Shamsa akasimama. Akavua kanga aliyojitanda mabegani, akaitundika kwenye msumari wa kalenda, ikafunika kioo mpaka chini. Tangu siku ile, kila nilipomsikia Bi Shamsa akimtaja Makame, hakumwita tena kijana wa mabango. Alimwita mwanangu Makame.

"Unaona nini?" Makame akauliza.

"Dirisha la kijivu. Maandishi mengi. Chini kuna vitufe."

"Cha kati kinaanza na herufi gani?"

"S."

"Kibonyeze. Sasa ngoja."

Tulikwenda hivyo asubuhi yote, yeye akiuambia ukuta, mimi nikimsomea herufi. Kama nisingekuwa nimezoea kukipa kila kitu jina na kukieleza, tusingefika. Picha zikaanza kujitokeza, ndogo ndogo kama stempu. Shangazi za bibi harusi wakicheka, sinia za halua, miguu yenye piko, Ghanima ameinamisha macho.

"Wanakuja," nikasema.

"Alhamdulillahi," Makame akauambia ukuta.

Ya Bi Moza ilikuja nusu. Nyuso zote mbili zilikuwa nzima, mama na binti, bega kwa bega. Chini ya kifua palikuwa na rangi ya kijivu tupu mpaka mwisho wa picha. Mikono haikuwepo.

Nikamweleza. Akaniuliza, "Unayo nyingine ya bibi harusi amekaa hapohapo?"

"Ninayo. Peke yake, mikono mapajani."

"Basi nguo na mikono yake itoe huko, uilete kwenye nailoni. Na mkono wa mama?"

"Mkono wa mama haupo kokote."

"Basi huo utauchora, Bi Rukia. Chungwa ulilichora."

Kompyuta yake akaniachia, yeye akarudi Michenzani kuomba ya jirani. Kuileta nguo na mikono ya Ghanima kulinichosha, lakini kuliwezekana. Siafu wakazunguka, nailoni zikapandana, mwanga nikausawazisha. Mkono wa mama ndio ulionishinda. Nilikuwa nimetazama mikono ya wanawake maisha yangu yote, nikijua kucha, mishipa na mikunjo ya ngozi. Kila niliouchora ulikuwa mkono mzuri wa mwanamke yeyote. Napiga toba, nachora tena, nautazama, napiga toba.

Ghanima akaja nikiwa bado niko hapo. Nilimweleza mambo yote kama yalivyokuwa, kilichopotea, kilichorudi, na ninachokifanya. Nikamgeuzia skrini. Aliangalia kwa muda, akagusa uso wa mama yake kwa ncha ya kidole.

"Uso wake," akasema. "Mkono si wake."

"Najua, mwanangu. Umenishinda."

"Mama kidole chake hiki kidogo kilikuwa hakikunjuki. Kiliungua kwa mafuta, mie bado mdogo." Akavuta kiti akakaa kando yangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya, na yeye akauweka wake juu ya wangu. "Alikuwa akinishika hivi. Habani. Kama mtu aliyezuia karatasi isipeperuke."

Niliifuta nailoni ya mkono, nikaongeza mpya, nikaanza kuchora na mkono wake ukiwa bado juu ya wangu. Alikuwa akiniambia, "Juu kidogo. Kidole gumba kilale. Hapo." Kidole kidogo nilikipinda. Kwenye ngozi sikusafisha kitu, hata alama ya sindano ya hospitali niliichora, kwa sababu yeye mwenyewe alinionyesha mahali ilipokuwa. Kuna wakati maelekezo yalikoma. Nikageuka nikamwona machozi yanamtiririka bila sauti.

"Ndiye," akasema. "Mwachie hapo."

Miaka yangu yote kazini sijafanya kitu kilichonifurahisha na kuniumiza kama mkono ule. Nimejiuliza mara nyingi kama ile ni picha au ni mchoro. Nilimchapishia, nikamkabidhi, na akaondoka ameikumbatia chini ya buibui.

Makame alipokuja kuchukua kompyuta yake aliniuliza swali moja tu.

"Mkono umekaa?"

"Umekaa."

Akaitikia kwa kichwa, wala hakuuliza zaidi. Ilibaki kadi. Bi Shamsa akataka kujua tutawatoaje waliomo ndani, ikiwa kufuta si kufuta. Makame akasema hawatoki mpaka waingie wengine mahali pao, kwa hiyo tuijaze kitu chochote mpaka isibaki nafasi, na kompyuta yake nayo tuifanye vivyo hivyo kabla hajaichukua.

"Kitu gani?" nikauliza.

Tukatazamana wote watatu, kisha Bi Shamsa akaanza kucheka. Siku ile tuliijaza kadi machungwa, na kompyuta machungwa, na kadi zote za kwenye mtoto wa meza machungwa. Hilo ndilo jibu lako, Lulu. Bi Shamsa naye akabadilisha kanuni yake, jambo ambalo sikutarajia kuliona nikiwa hai. Nakala zikawa mbili, na ya pili haikai kwetu. Anakabidhiwa bibi harusi mwenyewe siku ileile, kabla hatujala pilau lake. Mkiona uvivu kulifanya hilo, itazameni kanga kwenye msumari.

Bi Shamsa ametangulia mbele ya haki. Makame ameendelea kuja miaka yote hii, kila programu inapobadilishwa na vyombo vyangu kuhamishwa mahali pasipojulikana. Anakuja na mlango unaachwa wazi, anageuza kiti chake kuelekea ukutani, ananiuliza naona nini.

Siku ya mwisho nyinyi mlikuwepo. Alikuja kuniaga, ndevu zina mvi sasa, akapanda ngazi akihema kama bibi harusi. Hapakuwa na kazi yoyote. Hata hivyo alivuta kiti, akakigeuza ukutani, akakaa, akauliza, "Kioo kimefunikwa?"

Nyinyi mkacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nautazama ule mgongo, na nikafikiri kwamba mtu huyu aliyenifundisha yote ninayoyajua hajawahi kuiona picha hata moja ya harusi niliyoitengeneza, na hajawahi kuiomba. Nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua picha.

"Geuka, mwalimu."

"Nani yumo, Bi Rukia?"

"Geuka, nimekwambia. Huyu ruhusa."

Akageuka polepole, macho chini kwanza, kisha akayainua. Chungwa lilikuwa limejaa skrini nzima, na maua yake ya piko, na asumini, na kipini chake. Katika maharusi wote wa studio ile, huyo ndiye pekee ambaye mwalimu aliwahi kuruhusiwa kumwona. Makame alimtazama mpaka nyinyi nanyi mkaacha kucheka.

"Mashaallah," akasema. "Hajazeeka."